Anzeni na Kozi ya Mwisho: Hotuba kwa Wanafunzi Wapya wa Shahada ya Kwanza ya Sayansi

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, wahadhiri wenzangu, wazazi na walezi mliowasindikiza vijana wenu, na ninyi wanafunzi wapya ambao ndio hasa mlionileta mbele ya jukwaa hili,

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo lisilo na mvuto wa nyota wala wa chembe hai, nalo ni kupanga kozi. Najua kwamba wengi wenu mna hamu ya kuingia maabara, na kwamba kile kitabu cha mwongozo wa masomo mlichokabidhiwa wakati wa kujisajili kimeshazama chini ya mkoba, kurasa zake zikiwa bado zimeshikana. Nawaomba mkitoe. Katika miaka niliyofanya kazi ya ushauri wa masomo nimewaona wanafunzi wenye vichwa vyepesi wakichelewa kuhitimu, na mara nyingi kilichowachelewesha hakikuwa ugumu wa sayansi yenyewe, bali kozi moja ndogo iliyostahili kusomwa mapema ambayo mwenyewe aliiahirisha, akaisahau, kisha ikamsubiri mlangoni.

Niwape mfano mmoja. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliingia ofisini kwangu mwanzoni mwa muhula wa kwanza akiwa na jedwali lililopangwa vizuri mno, lenye rangi tatu, kila krediti imehesabiwa. Akaniambia, "Mwalimu, nimebakiza krediti kumi na tano tu, muhula huu namaliza." Hesabu yake ilikuwa sahihi, sikuona kosa hata moja. Nikamwomba anioneshe mahali alipoiweka biokemia ya pili, ambayo ni ya lazima katika programu yake. Ilikuwamo miongoni mwa zile kumi na tano. Lakini biokemia ya pili humtaka mtu awe amefaulu biokemia ya kwanza, nayo humtaka awe amefaulu kemia ogania ya pili, na kemia ogania ya pili hakuwa ameisoma kwa sababu wakati wake ulipofika alipendelea kozi nyingine iliyokuwa na ratiba ya asubuhi. Nikachukua penseli tukahesabu pamoja. Ogania ya pili hufundishwa muhula wa pili peke yake, kwa hiyo muhula huo aliokuja nao ungepita hivihivi. Biokemia ya kwanza ingemngoja muhula wa kwanza wa mwaka unaofuata, na ya pili muhula unaofuata huo. Mihula minne, yaani miaka miwili kamili, kwa mtu aliyekuwa ameshamwambia mama yake aanze kutafuta nguo ya mahafali. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama haiwezekani kuzisoma zote tatu kwa pamoja.

Jedwali lake lilikosa kitu kimoja: lilijumlisha krediti bila kuonesha kozi ipi inafungua mlango wa kozi ipi. Idadi ya krediti hukueleza ukubwa wa mzigo, lakini tarehe ya kuhitimu huamuliwa na mnyororo wa kozi zinazotegemeana ulio mrefu kuliko yote ndani ya programu yako. Mtu anaweza kuwa na krediti tele na bado akawa mbali na shahada.

Hata hivyo, krediti zenyewe tusizipuuze, kwa sababu kila mtu huzihesabu na wachache huzielewa. Krediti ni kipimo cha muda wa kazi. Katika mfumo wa Ulaya wa kuhamisha krediti ujulikanao kama ECTS, ulioanza mwaka 1989 ili kuwarahisishia mambo wanafunzi waliokwenda kusoma kwa muda katika nchi nyingine, mwaka mzima wa masomo hubeba krediti 60, kila krediti ikikadiriwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30, na shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 180 au 240. Uingereza krediti moja huhesabiwa saa 10, na shahada ya kwanza iitwayo huko "honours" hudai krediti 360. Vyuo vingi vya Marekani hudai krediti 120 hivi, na huko krediti moja ni kama saa moja ya darasani na saa mbili za kujisomea, kila wiki, kwa muhula wa wiki zipatazo 15. Ukizisikia namba hizo juu juu utadhani shahada ya Uingereza ni mara tatu ya ile ya Marekani. Zidisha kwa saa, nawe utaona kwamba ile ya 360 ni saa 3,600, na ile ya 120 ni saa 5,400. Yenye namba kubwa ndiyo yenye saa chache, nayo mara nyingi humalizika kwa mwaka mmoja pungufu.

Sisemi haya ili mshindanishe nchi na nchi. Nayasema ili kila mnapoona neno krediti katika mwongozo wenu, muulize kwanza ni saa ngapi, kisha mzigawanye saa hizo katika siku za wiki. Kwa hesabu ya Marekani, krediti 15 kwa muhula ni saa 45 za kazi kila wiki, ambazo ni sawa na ajira kamili na ziada. Anayejisajili krediti 21 kwa sababu anataka kumaliza upesi amejipa saa 63, na bado hajalala, hajafua wala hajaugua mafua.

Maabara nayo ina hesabu yake ya pekee, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndipo wanafunzi wa sayansi wanapotofautiana na wenzao wa vitivo vingine. Katika vyuo vingi saa mbili au tatu ndani ya maabara huhesabiwa krediti moja tu. Sasa tazameni mchana mmoja wa kemia. Unaingia saa nane ukiwa tayari umesoma maelekezo na kuandika maandalizi katika daftari, maana bila hayo msimamizi hakufungulii kabati. Unaisuuza bureti, ule mrija wa kupimia wenye koki, unaijaza, unaondoa kiputo cha hewa kilichonasa kwenye ncha, unaanza kudondosha kimiminika chake ndani ya chupa hadi rangi ibadilike. Kwa dakika kadhaa hakuna kinachotokea, kisha tone moja linaacha rangi ya waridi inayofifia, tone la pili rangi inakaa kidogo, na la tatu umeshapitiliza, chupa nzima imekuwa nyekundu. Unamwaga, unaanza upya. Unahitaji vipimo vitatu vinavyokaribiana, na vinakuja katika jaribio la tano. Saa kumi na moja unaosha vyombo. Ripoti bado: kuna hesabu, kuna makadirio ya kosa la kipimo, kuna grafu ambayo lazima ichorwe ipasavyo, na hiyo ni jioni nyingine nzima. Kazi yote hiyo ni krediti moja. Mwenye maabara tatu za namna hiyo katika wiki moja, ya kemia, ya fizikia na ya biolojia, atakuwa na jedwali linaloonekana jepesi na wiki isiyo na jioni hata moja. Ushauri wangu, ambao baadhi ya wenzangu hapa wataupinga, ni kwamba maabara mbili nzito kwa muhula zinatosha, na ya tatu iongezwe pale tu programu isipoacha njia nyingine.

Nirudi sasa kwenye mnyororo. Chukueni mwanafunzi wa biokemia. Ataanza na kemia ya jumla ya kwanza, kisha ya pili, kemia ogania ya kwanza, kisha ya pili, biokemia ya kwanza, kisha ya pili, halafu mradi wa utafiti unaomtaka awe amezimaliza zote hizo. Hatua ni saba, na hakuna iwezayo kurukwa. Kama programu yake ni ya mihula minane, ana muhula mmoja tu wa akiba katika safari nzima. Kama ni ya mihula sita, basi chuo chake kitakuwa kimeunganisha baadhi ya hatua hizo, naye hana akiba yoyote. Mwanafunzi wa fizikia ana mnyororo wa nyuzi mbili zinazosokotana: mekanika inakwenda na kalkulasi ya kwanza, sumakuumeme inaitaka kalkulasi ya pili, na mekanika ya kwantumu haisomeki bila milinganyo tofautishi na aljebra ya matriki. Akiuacha uzi wa hisabati ulegee, uzi wa fizikia unasimama.

Wengine hudhani kozi tangulizi ni urasimu wa idara, kama mihuri ya ofisini. Zipo chache za namna hiyo, sikatai, na zikionekana tuzilalamikie. Lakini nyingi zina sababu ambayo utaikuta ndani ya ukurasa wa kumi wa kitabu cha kozi inayofuata. Katika kemia ya kifizikia, mhadhiri anapoieleza entropia ataandika ubaoni jinsi kitu kimoja kinavyobadilika huku vingine vikishikiliwa visibadilike, na hiyo ni kalkulasi ya vigezo vingi. Hatasimama kuifundisha, kwa kuwa ratiba haimruhusu. Aliyekuja bila hisabati hiyo atanakili alama za ubaoni kama mtu anayenakili maandishi ya lugha asiyoijua.

Kwa sababu hiyohiyo nawasihi msiikimbie hisabati mwaka wa kwanza. Kila mwaka hutokea kundi linalosema, "Hisabati nitaisoma baadaye nikishazoea chuo." Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nami sijui msemo unaowafaa zaidi watu hawa. Wanazunguka biolojia ya mimea, wanazunguka sayansi ya mazingira, wanarudi kalkulasi mwaka wa tatu, wakati ambapo kila walichojifunza sekondari kimeshapukutika. Hapa mimi si mtakatifu. Nilipokuwa mwanafunzi niliisogeza kozi ya takwimu hadi mwaka wa mwisho kwa kuamini kwamba mtu wa biolojia haihitaji sana. Nikakusanya data za mradi wangu kwa muhula mzima, nikapima majani mamia kwa rula, na nilipoanza hatimaye kuisoma takwimu, katika wiki ya tatu niligundua kwamba nilikuwa nimepima majani mengi ya mimea michache badala ya majani machache ya mimea mingi. Data zote zile hazikuweza kujibu swali nililojiwekea. Hakuna aliyenionya, lakini pia mimi sikumuuliza mtu. Anayesoma biolojia, ikolojia au jenetiki na aisome takwimu kabla hajagusa mradi wowote.

Kuhusu kuusoma mwongozo wenyewe, usomeni kama mwanasheria anavyosoma mkataba. Neno "na" na neno "au" yana uzito tofauti. "Angalau krediti 40 za ngazi ya juu" haimaanishi krediti 40 zozote, na kozi ya kuvutia ya mwaka wa kwanza haitaingia humo hata uifaulu kwa kiwango gani. Kozi tangulizi ni ile unayotakiwa uwe umeshaifaulu kabla. Kozi sambamba ni ile inayoruhusiwa kusomwa muhula uleule, na tofauti hiyo inaweza kukuokolea nusu mwaka. Tazameni pia alama. Programu nyingine huikubali D kuwa ufaulu wa kozi, lakini haiikubali D hiyohiyo kuwa tiketi ya kuingia kozi inayofuata, ambayo hutaka C au zaidi. Mwanafunzi akiona amefaulu hufurahi, hajisumbui, na mfumo wa usajili ndio unaomwambia muhula ujao kwamba mlango umefungwa. Na kama mnasoma fani mbili, ulizeni ni kozi ngapi zinazoruhusiwa kuhesabiwa pande zote mbili, kwa sababu jibu linatofautiana sana kati ya idara na idara.

Kozi za nje ya fani zina historia ambayo napenda kuieleza kwa ufupi. Charles Eliot, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia mwaka 1869 hadi 1909, aliupanua uhuru wa wanafunzi wa kujichagulia kozi hadi zile za lazima zikabaki kiduchu. Mrithi wake, Abbott Lawrence Lowell, aliona kwamba wengi walikuwa wakidonoa kozi za utangulizi huku na kule bila kuzama popote, akaweka utaratibu wa kumtaka kila mwanafunzi ajikite katika fani moja na wakati huohuo aguse maeneo mengine. Ukiitazama programu yoyote inayodai kozi za msingi, kozi za fani kuu na kozi chache za upana, unaona sura ya utaratibu huo. Mimi niko upande wa Lowell, ingawa nakiri kwamba ningekuwa na umri wenu ningempigia kura Eliot.

Kozi hizo za upana, iwe ni falsafa, historia, uandishi au uchumi, wanafunzi wengi hupenda kuzimaliza zote mwaka wa kwanza ili, kama wasemavyo, wabaki na sayansi tupu. Ni kosa linaloonekana kama busara. Ukizimaliza mapema, mwaka wa tatu utakukuta na mihula iliyojaa maabara na hesabu bila hata kozi moja ya kusoma na kuandika ya kukupumzisha kichwa. Zitawanyeni. Muhula wenye maabara mbili nzito ndio unaostahili kozi moja ya falsafa, ambayo pia itakufundisha kuandika aya inayoeleweka, na mtakaposoma ripoti za wenzenu mtajua kwa nini nasema hivyo.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Ulizeni kozi ipi hufundishwa kila muhula, ipi mara moja kwa mwaka, na ipi kwa kupishana mwaka, kwa kuwa idara ndogo haziwezi kufundisha kila kitu kila mara. Mara nyingi mwanafunzi hufungwa na masharti ya mwaka aliojisajili, hata mwongozo ukibadilika baadaye, kwa hiyo hifadhini nakala ya mwongozo wenu. Mkuu wa idara akikuruhusu kusoma kozi fulani badala ya nyingine, mwombe akuandikie. Ruhusa ya mdomo huondoka na aliyeitoa. Na mwenye nia ya kuhamia chuo kingine atunze muhtasari wa kila kozi, wenye mada na saa, maana wanaopokea krediti hutazama yaliyofundishwa zaidi ya jina la kozi.

Lipo jambo ambalo hotuba za kuwakaribisha wanafunzi hulikwepa, nalo ni kufeli. Baadhi yenu mtafeli kozi. Ikiwa ni kozi iliyo nje ya mnyororo mkuu, utairudia na maisha yataendelea. Ikiwa ni ya ndani ya mnyororo, kama vile ogania ya kwanza, usiwe na pupa ya kuirudisha tu katika jedwali na kuyaacha mengine kama yalivyokuwa. Kaa chini upige hesabu upya ya kila kinachoitegemea. Pengine inafundishwa wakati wa likizo ndefu; pengine wakati unaisubiri unaweza kuvuta mbele takwimu, kozi za upana na zile za hiari, ili itakapofunguka njia mzigo uwe umepungua. Ndiyo maana nawashauri mpange mkiacha nafasi, kama programu inaruhusu, badala ya kujaza kila muhula hadi pomoni. Na njooni mapema. Anayekuja wiki ya pili ya muhula tunaweza kumsaidia kubadilisha usajili. Anayekuja baada ya tarehe ya mwisho tunaweza tu kumsikiliza.

Mradi wa utafiti nao unataka kutafutwa kabla ya wakati wake. Msimamizi mzuri huwa na nafasi chache, na maabara yake hudai mafunzo ya usalama pamoja na kozi ya mbinu ambayo huenda iko katika muhula usioutarajia. Mwendee mwaka mmoja kabla, umuulize angependa mwanafunzi wake awe amesoma nini, kisha uyaingize majibu yake katika mpango wako.

Nimemaliza kusema, sasa ni zamu yenu. Wasaidizi wanawagawia karatasi yenye visanduku, kimoja kwa kila muhula. Tafadhali msianze na kisanduku cha kwanza. Nendeni kwenye cha mwisho, muandike humo kozi ngumu kuliko zote ambayo programu yenu inawadai. Fungueni mwongozo mtazame inatanguliwa na nini, muandike hiyo katika kisanduku cha kabla yake, kisha na inayoitangulia hiyo, mkirudi nyuma hivyo hivyo hadi mfike muhula huu mliomo. Tumieni penseli. Atakayefika mwanzo akakuta visanduku vimekwisha na kozi bado zipo, anyooshe mkono, nami nitakuja nikae naye.